Kuhusu Kupewa Kisu Imara Bila Ridhaa Yangu

Reverien Manirambona,
Mchaguzi wa Kisu,
Kikundi cha Ulinzi wa Mashamba,
Kata ya Nyakitonto, Kasulu.

Kwa Bi. Shamsi,
Mwenyekiti,
Umoja wa Wenye Maduka ya Vyuma,
Kasulu Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MWENENDO WA BWANA GHARIBU, MUUZA VYUMA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na biashara inakwenda. Sisi huku Nyakitonto hatujambo, isipokuwa mihogo. Mihogo ina hali mbaya, na sababu yake nitaieleza, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye duka la mwanachama wako Bwana Gharibu, na mwenendo wa Bwana Gharibu ndio ulionifikisha kwako.

Mimi si mtu wa kupenda kesi. Wanaonijua watakwambia kwamba hata mbuzi wa jirani akiingia kwenye maharage yangu, huwa namwandikia jirani kwanza. Lakini kwa hili la sasa, mama, maji yamenifika shingoni.

Tuna nguruwe pori. Wengi wanatoka msituni, na wengine, kwa wanavyosema wazee, wanavuka kutoka ng'ambo ya mpaka bila kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuwasimamisha njiani kuwauliza babu yao alizikwa wapi. Mimi niliyezaliwa hapahapa, na uraia wangu upo kwenye karatasi yenye mhuri, huulizwa kila basi la Kibondo linaposimama kizuizini. Nguruwe hapandi basi. Labda hiyo ndiyo akili yake.

Mkubwa wao ni dume jeusi ambalo watoto wamelipa jina la Mheshimiwa, kwa sababu linakula lisipolima, linakuja na msafara, na likishashiba hatulioni tena mpaka msimu mwingine. Nimewakataza watoto kutumia jina hilo kwa kuwa si heshima. Waliniuliza si heshima kwa nani, nikawatuma maji.

Shamba analolipenda Mheshimiwa kuliko yote ni la mke wangu Akimana. Hilo shamba la mihogo ndilo ghala letu. Maharage yalioza kwa mvua na mahindi bado machanga. Mihogo ile ikiisha kabla mahindi hayajakomaa, nyumba yangu italala na njaa, na neno hilo sina namna ya kulipamba. Akimana anashinda huko kutwa akipiga debe kumfukuza nguruwe. Akirudi jioni ananiambia, "Baba Niyonsaba, mihogo inakwisha." Huwa namjibu kwamba mambo ya chuma hayataki papara.

Ndiyo maana tuliunda kikundi, tukaomba kibali cha kuwinda waharibifu hao, tukapewa. Mbwa ni wa shemeji yangu Hatungimana, kaka yake Akimana, na mikuki tunayo. Kilichokosekana ni kisu. Mbwa wakishambana nguruwe kichakani na mkuki ukishaingia, lazima mtu mmoja aingie na kisu ammalize, maana nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Kwenye mkutano nilizungumza kwa kirefu. Nilieleza kwamba kisu imara kinataka mgongo mnene. Kwamba chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kisiishie katikati. Kwamba pale mpini unapokutana na makali pawe na kizuizi cha chuma, ili damu ikimwagika kiganja kisiteleze. Watu walipiga makofi, wakanichagua palepale kuwa Mchaguzi wa Kisu. Nami nilipiga makofi.

Baada ya makofi ndipo Hatungimana aliposimama kukumbusha utaratibu wa wasasi wa kwetu: aliyesema kisu kinafaa ndiye anayeingia nacho. Wazee waliuweka ili mtu asisifie chuma kibovu kitakachoshikwa na mkono wa mwenzake. Ni utaratibu wa busara sana na sina neno nao. Natamani tu ungetajwa kabla ya makofi.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Gharibu hamjui nguruwe, lakini anauza visu vya kumwindia. Yeye ni Mwislamu safi, baba yake alitoka Pangani, na sitegemei awe amewahi kumkaribia mnyama huyo. Hilo namheshimu. Lakini kisu cha kwanza alichonipa kilikuwa kifupi. Kilikuwa kizito, ndiyo, na mgongo mnene, na ribiti za mpini zimekaa sawasawa, ila kifupi. Nilikipeleka nyumbani nikakitafakari, nikagundua kwamba ili kisu kile kimfikie nguruwe, lazima na mwenye kukishika amfikie nguruwe. Kisu cha namna hiyo kimetengenezwa na mtu asiyewatakia wenzake mema. Nikakirudisha.

2. Kisu cha pili kilikuwa kirefu. Kisu kirefu kinamtangulia mwenyewe. Nguruwe anakiona mapema na anapata nafasi ya kujipanga. Nikakirudisha.

3. Kisu cha tatu kilitoka Dar es Salaam ndani ya boksi lenye picha ya mzungu amesimama juu ya jabali. Vijana wa bodaboda waliokuwa dukani walikisifu mno, wakasema, "Hiki ndicho chenyewe, bro, hiki ni noma." Mpini wake una mfuniko, na ukiufungua unakuta dira, ndoano ya samaki, kiberiti, uzi na sindano. Dira ilinionyesha kaskazini vizuri kabisa. Mheshimiwa alikuwa kusini, kwenye mihogo. Kuhusu sindano, nilimuuliza Bwana Gharibu ni ya kazi gani, naye akanijibu kwa ule upole wake wa pwani kwamba ni ya mwindaji kujishonea jeraha. Ndugu Mwenyekiti, mtu anayekuuzia kisu pamoja na sindano ya kujishonea amekwisha kukwambia anachokitarajia. Isitoshe, mpini wenyewe ni mtupu ndani kama bomba, na chuma kinaishia mlangoni. Hilo ni kosa la kweli, na Bwana Gharibu mwenyewe alilikubali. Kisu hicho nilikirudisha kwa moyo mkunjufu kuliko vyote.

4. Namna anavyopokea visu vinavyorudi. Tangu siku ya kwanza aliniwekea sharti: kisu ambacho hakijamgusa nguruwe atakipokea wakati wowote, lakini kikishamgusa ni changu, asikione tena kwenye kaunta yake. Huo ni msimamo wa dini yake, na ninathubutu kusema hakuna mtu katika wilaya nzima aliyeuheshimu kama mimi. Lakini tazama anavyoutekeleza. Mara ya kwanza alikipeleka kisu kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Hakijagusa?" Nikamwambia hakijagusa. Mara ya pili aliuliza bila kukigeuza. Sasa hivi haulizi. Anakichukua hivihivi na kukiweka kwenye shelfu, hata kitambaa hakipitishi. Mtu ametoka Nyakitonto na kisu cha kuulia nguruwe, amekikumbatia njia nzima juu ya pikipiki, halafu anapokewa kama aliyerudisha bakuli la jirani. Mteja ana heshima yake.

5. Visu nilivyovikataa anaviuza. Kile kifupi kimenunuliwa na mchoma mbuzi wa stendi, na anakisifu. Kile kirefu yupo mama anakatia matikiti. Mimi nikikataa kisu mbele ya watu, kwa cheo changu, halafu kisu hichohicho kionekane kinafanya kazi mjini bila tatizo, watu watasema nini?

5 (b). Wameshaanza kusema.

6. Hili halimhusu Bwana Gharibu moja kwa moja, lakini naliweka ili uone nilivyojituma. Nilipoona Kasulu imenishinda, nilisafiri hadi Busunzu, Wilaya ya Kibondo, kwa mhunzi Nkunzimana anayefua visu kwa springi za malori. Alinifulia kisu kama nilivyokieleza mkutanoni, neno kwa neno. Nilikigonga kwenye jiwe, kikalia vizuri. Nilikikanyaga, hakikupinda. Nilikikagua mpaka jua likageuka, sikuona kasoro hata moja, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Chuma kilichofuliwa na binadamu hakikosi kasoro. Kisichoionyesha kinaificha, na kitaionyesha siku mnapokutana na nguruwe. Nilimwachia kisu chake. Nkunzimana alinitazama, akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

7. Niliporudi kwa Bwana Gharibu kuuliza tu kama ameleta mzigo mpya, alinisema mbele ya watu. Walikuwepo wateja, na alikuwepo fundi cherehani wa barazani kwake. Alisema, "Visu anavyorudisha Bwana Reverien naviuza kama vipya, maana ni vipya." Watu walicheka. Fundi cherehani alicheka mpaka akaharibu mshono. Na mimi nilicheka, kwa sababu ukicheka pamoja na watu hawajui kama umeumia. Lakini niliumia, Ndugu Mwenyekiti, na ninavyoandika hapa bado naumia.

8. Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Baada ya kicheko kile Bwana Gharibu alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniponza. Aliingia ndani, akatoka na kisu ambacho sikuwahi kukiona dukani. Si kirefu wala si kifupi. Mgongo wake ni mnene, chuma kinatokeza hadi nyuma ya mpini, kizuizi cha kiganja kipo, na ala yake ni ya ngozi ya ng'ombe. Akasema, "Chukua hiki, ndugu yangu, ni zawadi. Lakini hiki hakirudi, kiwe kimegusa au hakijagusa." Akakifunga kwenye gazeti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea nguvu kwa Mungu. Yote hayo bila mimi kusaini popote wala kusema ndiyo.

Kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu. Hatungimana alinipokea njiani na mbwa wake wote. "Ego, naam, shemeji, kisu kimepatikana," akasema. "Jumamosi tunaingia." Nilimweleza kwamba kisu hicho bado sijakipitisha. Akaniambia mtu akipokea amepitisha. Wanakikundi walisimama nyuma yake wakitikisa vichwa kwa kukubali, na wengine ni watu ninaosali nao.

Naomba nieleweke vizuri: kisu chenyewe sikisemi. Ninachokilalamikia ni njia. Mtu akinunua kisu ana haki ya kukirudisha. Akipewa bure amefungwa mikono na miguu. Muuza vyuma aliyepewa leseni ya kuuza amepata wapi mamlaka ya kugawa? Leo amegawa kisu, kesho atagawa misumari, keshokutwa mabati. Watu wataanza kujenga nyumba ambazo hawakuwa wamejiandaa kuzijenga, wataoa kwa sababu nyumba ipo, watazaa kwa sababu wameoa, na kata nzima itajaa watu waliosukumwa maishani na ukarimu wa Bwana Gharibu. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba kuna watu wanaohitaji muda.

Nimesikia pia watu wakinirushia ule msemo kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ni msemo mzuri. Lakini unamzungumzia anayekula, haukusema popote kwamba ndiye anayetangulia kichakani.

Kwa hiyo naleta maombi yafuatayo mbele ya Umoja wako:

(a) Bwana Gharibu aamriwe kukipokea kisu chake. Nimekitunza vema: kimo kwenye gazeti lilelile, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nimelifunga kwa kufuli na ufunguo nimeuvaa shingoni, ili asitokee mtu nyumbani kwangu akakichafua kabla shauri halijaamuliwa.

(b) Kuanzia sasa, anayeuza kisu cha kuwindia nguruwe awe anakijaribu mwenyewe kwanza. Kwa kuwa dini ya Bwana Gharibu haimruhusu kumgusa mnyama huyo, yeye asimame tu karibu, watazamane, kisha atupe maoni yake kuhusu urefu.

(c) Visu vinapimwa ubora, lakini nguruwe hapimwi, na huo ni upendeleo wa wazi. Naomba Mheshimiwa apimwe urefu, uzito, unene wa ngozi na kiasi cha hasira, kisha kisu kitengenezwe kwa vipimo vyake. Akikataa kupimwa, ukaidi wake uwekwe kwenye kumbukumbu.

(d) Ikiwa hayo yote yatashindikana, basi Umoja uandikie kikundi chetu kuahirisha Jumamosi. Sababu itafuteni nyinyi, mimi nitaiunga mkono.

Natumaini utalitazama shauri hili kwa jicho la mwenyekiti na la mzazi pia. Nisalimie wanachama wote wa Umoja, wa misumari, wa mabati na wa majembe. Nisalimie Bi. Asia, mke wa Bwana Gharibu, ambaye kila nilipokwenda kurudisha kisu alinipa chai na kitumbua na hakuniuliza neno. Wasalimie vijana wa bodaboda. Hata fundi cherehani nisalimie, sina kinyongo naye, ila suruali yangu aliyonayo asiendelee nayo.

Wako mwenye subira na mashaka ya haki,

Reverien Manirambona,
Mchaguzi wa Kisu.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekaa ndani nikiinakili kwa mwandiko mzuri niliposikia mbwa wakibweka. Mheshimiwa hakusubiri Jumamosi. Aliingia kwenye mihogo mchana kweupe, mbwa wakambana kwenye rundo la miti ya mihogo, Hatungimana akamchoma mkuki na mpini wa mkuki ukavunjika. Shemeji akapiga kelele aletewe kisu. Nilivuta sanduku. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, nao niliuingiza kwenye kufuli kinyume mara tatu. Nilipofika shambani na kisu cha Bwana Gharibu kikiwa bado kwenye gazeti, nguruwe alikuwa amelala na Akimana amekaa chini pembeni yake.

Akimana alikuwa akimenya mihogo kibandani hapohapo shambani. Aliingia na kisu chake cha kumenyea, kile chembamba kilichokwisha kwa kunolewa, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Hakina kizuizi. Damu ilipomwagika mkono wake uliteleza mpaka kwenye makali, jambo ambalo nililieleza vizuri sana mkutanoni. Zahanati wamemshona kiganja. Nilimuuliza kwa nini alichagua kisu kile. Akaniambia hakuchagua, ndicho kilichokuwa mkononi.

Jioni nyama iligawiwa. Kwa wasasi wa kwetu, shingo ni fungu la mwenye kisu, na Hatungimana aliileta mwenyewe kwenye jani la mgomba. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono miwili kuipokea, kama adabu inavyotaka. Alinipita, akaenda jikoni kwa dada yake.

Kwa hiyo ombi (a) naliondoa, na mengine yote pamoja nalo. Akimana hawezi kushika kitu mpaka nyuzi zitolewe. Mihogo iliyobaki namenya mimi, kwa kisu cha Bwana Gharibu. Tafadhali mwambie nimekitumia na sijaona kasoro.